Mcheza Kwao na Mcheza Ugenini: Historia ya Makinda wa Besiboli Marekani

Kila mwanzo wa mwaka, wakati viwanja vingi vya besiboli kaskazini mwa Marekani vingali chini ya theluji, mashabiki hukaa kusoma orodha za majina 100. Ni majina ya makinda, vijana ambao wengi wao hawajacheza hata mechi moja ya Ligi Kuu. Shabiki wa Seattle anamjua mrushaji wa miaka 20 anayecheza Arkansas, majimbo kadhaa kutoka kwake. Anajua kasi ya mpira wake, anajua mwezi bega lilipomuuma, na anahesabu muda uliobaki kabla hajaitwa juu. Mapenzi ya namna hii hayakuwepo mwaka 1901. Yamejengwa kipande kwa kipande, na kila kipande kina sababu yake.

Msomaji aliyezoea kandanda aanze kwa kuelewa tofauti moja. Katika kandanda, timu ndiyo hupanda daraja: klabu ya mji mdogo ikifanya vizuri inaweza siku moja kukutana na vigogo. Katika besiboli ya Marekani timu ya ligi ndogo haipandi kamwe. Anayepanda ni mchezaji, peke yake, na akishapanda, mji uliomlea hubaki pale pale ukimtazama kwa mbali. Hoja ya makala haya inaanzia hapo. Ufuatiliaji wa makinda haukuzaliwa na mapenzi ya mchezo peke yake, ulizaliwa na umiliki. Kadiri miji midogo ilivyopoteza haki juu ya vijana wake, ndivyo macho ya mbali yalivyozidi kuwatazama. Mwanzoni yalikuwa macho ya mnunuzi. Miaka mia moja baadaye, macho hayo yalikuwa yamekuwa ya umma, nayo yakasaidia kumrudishia kijana sehemu ya stahili yake.

1901–1919: Mji na kijana wake

Mwanzoni ligi ndogo hazikuwa ndogo machoni pa wenyeji wake. Ziliitwa hivyo kwa sababu ligi mbili za miji mikubwa ya mashariki, National na American, zilijitangaza kuwa kuu. Mwaka 1901 ligi hizo mbili zilikuwa vitani zikinyang'anyana wachezaji, na makubaliano ya zamani yaliyolinda klabu za miji mingine yakavunjika. Septemba mwaka huo viongozi wa ligi kadhaa ndogo walikutana Chicago wakaunda chama chao. Waligawa ligi katika madaraja, kuanzia A hadi D, na wakapatana kuheshimu mikataba ya wenzao. Mwaka 1903 wakubwa walipopatana nao walikubali utaratibu huo, pamoja na sharti kwamba mchezaji akichukuliwa kutoka chini, klabu yake ilipwe. Tangu mapema, basi, kijana alikuwa na bei. Lakini bei hiyo ilipokewa na mji wake, na ndiyo iliyofanya klabu nyingi ziendelee kuishi.

Baltimore inatupa mfano ulio wazi. Jack Dunn, mmiliki wa Orioles ya ligi ndogo, alimsajili Babe Ruth Februari 1914, kijana wa miaka 19. Mwaka huohuo ligi nyingine mpya ilifungua timu ng'ambo ya barabara kutoka uwanja wa Dunn, watazamaji wakamhama, na kufikia Julai alilazimika kumuuza Ruth kwa Boston. Hakumuuza kwa sababu kijana alikuwa ameiva. Alimuuza kwa sababu sanduku la fedha lilikuwa tupu. Miaka michache baadaye, ligi yake ilipojitoa katika utaratibu uliowaruhusu wakubwa kuchukua mchezaji kwa bei ya kupangwa, Dunn alionyesha jinsi mambo yangeweza kuwa. Alimshikilia mrushaji Lefty Grove miaka mitano, timu yake ikatwaa ubingwa wa ligi mara saba mfululizo kuanzia 1919 hadi 1925, na Grove alipoondoka hatimaye kwenda Philadelphia bei yake ilikuwa dola 100,600.

Tuzingatie jinsi shabiki wa Baltimore alivyomtazama Grove. Hakumtazama kama mtu wa kesho. Alikwenda uwanjani kuona timu yake ikishinda leo, na Grove alikuwa sababu mojawapo ya ushindi huo. Waliomtazama kwa jicho la kesho walikuwa wachache: wasaka vipaji waliosafiri kwa treni na wamiliki wa miji mikubwa. Magazeti ya michezo, hasa The Sporting News lililokuwa likitoka St. Louis tangu 1886, yalichapisha habari za ligi ndogo nchi nzima, na kwa wanunuzi hao kurasa zake zilikuwa kama orodha ya soko. Kufuatilia kinda ilikuwa kazi ya mwenye fedha. Shabiki hakuwa na haja nayo, maana mcheza kwao hutunzwa, na huyu alikuwa akicheza kwao.

1919–1942: Shamba la Branch Rickey

Aliyegeuza mambo hayo alikuwa mtu wa klabu maskini. Branch Rickey aliiongoza St. Louis Cardinals, na shida yake ilikuwa ileile kila mwaka: akigundua kijana mzuri katika ligi ndogo na kuuliza bei yake, klabu tajiri zilisikia, zikapandisha dau, naye akarudi mikono mitupu. Dawa aliyoiona ilikuwa kuacha kununua mavuno na kuanza kumiliki ardhi. Kuanzia mwaka 1919 Cardinals walinunua hisa katika klabu za miji kama Fort Smith na Houston, kisha wakaendelea hadi wakawa na mtandao mzima wa timu, kila moja katika daraja lake. Kijana alisajiliwa kwa fedha kidogo, akapandwa chini kabisa, akapandishwa hatua kwa hatua. Watu wakauita mfumo huo shamba, na jina halikukosea. Kufikia 1940 Cardinals walikuwa na timu zaidi ya 30 na mamia ya wachezaji. Mavuno yalionekana: ubingwa wa 1926, 1931, 1934 na 1942. Klabu nyingine zilizocheka mwanzoni zikaiga.

Kwa mji mdogo, maana ya timu ilibadilika kutoka ndani. Zamani mmiliki wa Houston alimwachia nyota wake alipopata bei nzuri au alipobanwa. Sasa nyota aliondoka siku ile mkubwa alipomtaka, hata kama timu ilikuwa katikati ya kuwania ubingwa. Kushinda leo kulikuwa chini ya kukuza kwa ajili ya kesho. Kamishna wa besiboli, Jaji Kenesaw Mountain Landis, aliupinga mfumo huu kwa sababu hiyohiyo: aliamini klabu ya mji ni mali ya mji. Mwaka 1938 aliwaachia huru makinda zaidi ya 70 wa Cardinals, baada ya kuona klabu hiyo ikidhibiti kwa siri timu kadhaa katika ligi moja, na mwaka 1940 akafanya vivyo kwa makinda 90 hivi wa Detroit. Hata hivyo hakuweza kuuzuia mto kwa viganja.

Watetezi wa Rickey wana hoja nzito, na haifai kuipita. Wakati wa mdororo mkuu wa uchumi ligi ndogo zilikuwa zikifa kwa wingi, na katika miji mingi fedha za klabu kubwa ndizo zilizowasha tena taa za uwanja. Zaidi ya hayo, shamba lilimpa kijana nafasi ya pili. Stan Musial alisajiliwa kama mrushaji, na mwaka 1940, akiwa Daytona Beach, aliumia bega kiasi cha kutoweza kurusha tena. Mnunuzi wa kawaida angemtema. Shamba lilimweka, likamgeuza mpigaji, na Septemba 1941 alikuwa Ligi Kuu, ambako angepiga mipigo salama 3,630. Hoja hii ni ya kweli, lakini inathibitisha kitu kimoja tu: kwamba mwenye shamba ana sababu ya kutunza mche wenye dalili njema. Haituambii lolote kuhusu mamia waliong'olewa bila mtu kuwaandika, wala haigusi ukweli kwamba kijana hakuwa na ruhusa ya kuhamia shamba jingine. Mkataba wake ulikuwa na kifungu kilichomfunga kwa klabu ileile mwaka baada ya mwaka, kwa muda ambao klabu ilitaka.

Kifungu hicho kilipimwa mahakamani na kinda, si na nyota. George Toolson alikuwa mrushaji katika shamba la New York Yankees, na alipoamriwa kushuka daraja alikataa, akashtaki. Mwaka 1953 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dhidi yake, ikishikilia uamuzi wake wa 1922 ulioitoa besiboli nje ya sheria za ushindani wa biashara. Kijana wa ligi ndogo alikuwa amegonga mlango mkubwa kuliko yote nchini, na haukufunguliwa.

1946–1963: Macho yote Montreal, kisha televisheni

Kabla ya Toolson, hata hivyo, kulikuwa kumetokea jambo lililoonyesha njia nyingine. Oktoba 1945 Rickey, ambaye sasa alikuwa Brooklyn, alitangaza kumsajili Jackie Robinson na kumpeleka Montreal, timu ya juu kabisa ya shamba la Brooklyn. Besiboli ya wazungu ilikuwa imewafungia watu weusi nje kwa zaidi ya nusu karne. Ghafla mchezaji wa ligi ndogo akawa mtu aliyefuatiliwa kuliko nyota wengi wa Ligi Kuu, na waliomfuatilia kwa karibu zaidi hawakuwa wanunuzi. Walikuwa waandishi wa magazeti ya watu weusi, akiwemo Wendell Smith wa Pittsburgh Courier na Sam Lacy wa Baltimore Afro-American. Walikuwa naye mazoezini Florida mwanzoni mwa 1946, wakaandika jinsi wenye mamlaka wa Sanford walivyomtoa na jinsi Jacksonville ilivyofunga uwanja ili asicheze. Aprili 18 walikuwa Jersey City alipocheza mechi yake ya kwanza: alipiga mipigo salama minne katika nafasi tano, mmoja ukitoka nje ya uwanja, akaiba vituo viwili, na Montreal ikashinda 14–1. Alimaliza msimu akiongoza ligi kwa wastani wa upigaji wa .349.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo ufuatiliaji wa kinda ulipopata maana yake ya pili. Wasomaji wa magazeti yale hawakumiliki hisa ya Robinson wala hawakuwa watu wa Montreal. Walimfuatilia kwa sababu safari yake ilikuwa na uzito kwao, na kule kutazamwa kulikuwa kinga: fitina zilizozoea kufanyika gizani katika miji midogo ya kusini sasa zilisomwa Chicago na New York wiki hiyohiyo. Jicho la umma liliweza kumlinda kijana, si kumpima tu. Somo hilo lilikuja, kisha likalala kwa miaka mingi, kwa sababu ligi ndogo zenyewe zilikuwa karibu kuanguka.

Mwaka 1949 zilikuwa kileleni: ligi 59 na watazamaji wapatao milioni 40. Kisha televisheni ikaingia sebuleni. Mtu wa mji mdogo ambaye zamani angetembea hadi uwanja wa mtaani sasa aliweza kukaa kitini akawatazama Yankees. Klabu kubwa nazo zilihamia miji iliyokuwa na timu zake imara: Milwaukee mwaka 1953, Los Angeles na San Francisco mwaka 1958. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa zimebaki ligi zisizofika 20, na watazamaji milioni 10 hivi. Mwaka 1963 madaraja B, C na D yalifutwa, yakabaki AAA, AA, A na lile la wanaoanza, na klabu za Ligi Kuu zikachukua gharama za mishahara ya makinda. Ligi ndogo zilipona, lakini zilipona kama idara ya mtu mwingine. Kuanzia hapo hakukuwa tena na sababu kubwa ya kimchezo ya kutazama mechi ya daraja A, isipokuwa kujua nani kati ya wale vijana atafika.

1965–1976: Kijana apewa namba

Mwaka 1964 kijana mmoja wa chuo kikuu, Rick Reichardt, alipewa na klabu ya Angels zaidi ya dola 200,000 ili asaini. Wamiliki waliona kwamba wakiendelea kushindana hivyo watafilisiana. Juni 1965 wakaanzisha drafti: klabu zilichagua vijana kwa zamu, iliyofanya vibaya msimu uliopita ikianza, na kijana aliyechaguliwa hakuweza kuzungumza na klabu nyingine. Lengo lilikuwa kushusha bei, na bei ilishuka. Wa kwanza kabisa, Rick Monday, alichaguliwa na Kansas City Athletics.

Drafti ilizaa jambo ambalo wamiliki hawakulikusudia. Ilimpa kila kijana namba, na namba huita hukumu. Zamani mtu hakuweza kusema kwamba msaka vipaji fulani alikosea, kwa sababu hakuna aliyejua alikuwa na uchaguzi gani mbele yake. Sasa ilionekana wazi kwamba mwaka ule wa kwanza mdakaji Johnny Bench alisubiri hadi nafasi ya 36 na mrushaji Nolan Ryan hadi ya 295. Mwaka 1966 klabu ya Mets ilimchagua wa kwanza Steve Chilcott, ambaye hakufika Ligi Kuu, na wa pili akawa Reggie Jackson. Shabiki alipata kwa mara ya kwanza mizani ya kuwapimia wakubwa wa klabu yake, na mizani hiyo ilimtaka asubiri miaka mitano au kumi ili isome.

Chachu ya mwisho ilitoka juu. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba kile kifungu cha mkataba hakimfungi mchezaji milele, na katika makubaliano yaliyofuata mchezaji wa Ligi Kuu aliruhusiwa kuwa huru baada ya kutumikia miaka sita. Mishahara ya wakongwe ilipanda kwa kasi. Matokeo yake kwa makinda ni rahisi kuyaona: kijana ambaye klabu ingemtumia miaka kadhaa kwa bei nafuu akawa mali ya thamani kuliko zote. Umiliki uliolegea kwa wakubwa ukakaza thamani ya wadogo, na thamani ikipanda watu huanza kutafuta habari.

1981–2003: Enzi ya orodha

Habari hizo zilimpata mchapishaji mwaka 1981. Allan Simpson, Mkanada, alianzisha gazeti akiwa British Columbia, likaja kujulikana kama Baseball America. Haikuchukua muda likahamia Durham, North Carolina, chini ya Miles Wolff, ambaye alikuwa amefufua timu ya mji huo, Durham Bulls. Gazeti lilichapisha kile ambacho magazeti ya kawaida yalikiona hakina msomaji: takwimu za daraja A, habari za drafti, na maoni ya makocha kuhusu vijana wa kila ligi. Wasomaji walikuwepo. Mwaka 1985 Bill James akaongeza hoja iliyopingwa sana wakati ule: kwamba takwimu za ligi ndogo, zikisahihishwa kwa kuzingatia ugumu wa ligi na uwanja, zinatabiri mafanikio ya Ligi Kuu karibu sawa na takwimu za Ligi Kuu yenyewe. Kama ni kweli, shabiki mwenye daftari aliweza kujua jambo ambalo msaka vipaji alidai linahitaji macho ya miaka 30.

Biashara mbili ziliwafundisha hata wasiopenda takwimu. Agosti 1987 Detroit walimtaka mrushaji mkongwe Doyle Alexander ili washinde mwaka uleule. Akawashindia mechi tisa bila kupoteza, na kwa malipo yake Atlanta walipata kinda aliyeitwa John Smoltz, ambaye leo yumo katika Jumba la Mashujaa la Cooperstown. Agosti 1990 Boston walimtoa Jeff Bagwell, kinda wa AA, wapate mrushaji wa akiba wa mwezi mmoja. Naye yumo Cooperstown. Tangu hapo shabiki aliposikia klabu yake imeuza jina asilolijua, alijua wajibu wake ni kulijua jina hilo kabla, si baada.

Mwaka 1990 Baseball America lilichapisha orodha yake ya kwanza ya makinda 100 bora wa nchi nzima, na papo hapo likatoa ushahidi dhidi yake lenyewe. Walioongoza miaka minne ya mwanzo walikuwa Steve Avery, Todd Van Poppel, Brien Taylor na Chipper Jones. Avery alikuwa na miaka michache mizuri. Van Poppel hakuwahi kuwa kile alichotabiriwa. Taylor, aliyepewa bonasi ya dola milioni 1.55, aliumia bega la kurushia katika ugomvi mwishoni mwa 1993 na hakufika Ligi Kuu. Ni Jones peke yake aliyeingia Cooperstown. Mwenye shaka atauliza: kama wateule wenyewe huanguka hivi, kufuatilia makinda kuna tofauti gani na kamari?

Methali inasema nyota njema huonekana asubuhi, na besiboli imeipima methali hiyo kuliko mchezo mwingine wowote. Tarehe 24 Julai 2016 watu wawili waliingizwa pamoja Cooperstown. Ken Griffey Jr. alikuwa wa kwanza kuchaguliwa katika drafti ya 1987. Mike Piazza alikuwa wa 1,390 mwaka 1988, katika raundi ya 62, na alichaguliwa kwa sababu baba yake alikuwa rafiki wa kocha Tommy Lasorda. Mmoja alionekana asubuhi, mwingine adhuhuri. Orodha haikosei kwa sababu waandishi wake ni wavivu. Inakosea kwa sababu bega hupasuka, mwili hubadilika, na kijana wa miaka 18 anayeishi mbali na nyumbani kwa mara ya kwanza si jumla ya takwimu zake. Mcheza kamari anasubiri matokeo, lakini mfuatiliaji makini anaijua safari: nani alishushwa, nani alijifunza mpira mpya, nani alirudi baada ya upasuaji. Maarifa hayo yana thamani hata pale utabiri unapoanguka, na thamani yake kubwa ilikuwa bado kuonekana.

Wakati huohuo viwanja vilijaa tena. Filamu ya Bull Durham ya 1988 ilizipa ligi ndogo mvuto mpya. Makubaliano ya 1990 yalizitaka klabu ziboreshe viwanja vyao, na mwaka 1994 Michael Jordan, akiwa amestaafu mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza, alicheza mechi 127 za AA na kupata wastani wa .202, kipimo kilichowaonyesha mamilioni jinsi daraja lile lilivyo gumu. Mwaka 2008 watazamaji walipita milioni 43. Intaneti ilifanya takwimu za kila usiku zipatikane bure, na kitabu cha Moneyball cha 2003 kiliwashawishi watu wengi kwamba klabu yenyewe sasa inafikiri kama mwenye daftari.

2014–2023: Jicho lageuka

Umma uliojua kila kitu kuhusu kinda ulikuwa haujui jambo moja: anakula nini. Februari 2014 wachezaji wa zamani wa ligi ndogo walifungua kesi wakidai kwamba mishahara yao ilikuwa chini ya kima cha chini cha sheria na kwamba mazoezi ya kabla ya msimu hayakulipwa. Wamiliki walijibu kwa kwenda bungeni, na Machi 2018 kifungu kilichowapunguzia makinda ulinzi wa sheria ya ujira kilipitishwa ndani ya muswada mkubwa wa bajeti. Miaka 65 baada ya Toolson, mlango ulikuwa bado umefungwa.

Kilichobadilika ni idadi ya watazamaji wa mlango huo. Mwaka 2015 Kris Bryant, kinda aliyeongoza orodha, aliachwa chini mwanzoni mwa msimu akaitwa Aprili 17. Alimaliza mwaka akiwa na siku 171 za utumishi badala ya 172 za mwaka kamili, na uhuru wake ukasogea mwaka mzima mbele. Zamani ujanja kama huo ungebaki kwenye faili. Safari hii mashabiki walihesabu siku pamoja naye. Bryant alilalamika rasmi akashindwa mwaka 2020, lakini mwaka huohuo, msimu wa ligi ndogo ulipofutwa kwa sababu ya Covid-19, Washington Nationals walipotaka kupunguza posho ya makinda kutoka dola 400 hadi 300 kwa wiki, lawama zilikuwa kubwa na wachezaji wa timu ya juu wakajitolea kulipa pengo. Klabu ikarudisha posho kamili.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 2021 mishahara ilipandishwa, na mwaka uliofuata klabu zikaanza kuwapa makinda makazi. Mwaka 2022 kesi ya ujira ikamalizwa kwa dola milioni 185, na Septemba makinda wakaingia katika chama cha wachezaji wa Ligi Kuu. Mkataba wao wa kwanza, wa Machi 2023, ulipandisha mshahara wa AAA kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka, na ule wa daraja la chini kabisa kutoka 4,800 hadi 19,800. Makubaliano ya Ligi Kuu ya 2022 yalikuwa na kifungu ambacho Rickey asingekiamini: klabu ikimpandisha mapema kinda bora, naye akang'ara, hupewa nafasi ya ziada katika drafti, na kinda bora hutambuliwa kwa orodha za vyombo vya habari, likiwemo Baseball America. Orodha ya gazeti lililoanzishwa na mtu mmoja Kanada imekuwa sehemu ya sheria ya kazi ya mchezo.

Watakuwepo watakaosema kwamba sifa hizi ni za wanasheria na chama, si za mashabiki. Ni kweli kwamba shabiki hakuandika hati ya mashtaka. Lakini Toolson naye alikuwa na wanasheria. Asichokuwa nacho ni umma uliojua jina lake. Kesi ya 2014 na chama cha 2022 vilisimama juu ya ardhi iliyotayarishwa na miaka 30 ya orodha: mamilioni ya watu waliokwisha kuamini kwamba kijana wa daraja A ni mtu anayestahili kufuatiliwa, na ambao kwa hiyo walishtuka kusikia analala sakafuni. Wendell Smith alilijua hilo mwaka 1946.

Jicho hilo limefika hata kwetu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh mwaka 2008, akapitia ngazi zote za shamba, na Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu, akipiga mpigo salama katika nafasi yake ya kwanza. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika katika fainali za dunia za besiboli ya watoto, na klabu za Marekani sasa zinasajili warushaji vijana wa Uganda. Wanaingia katika mfumo wenye mshahara ulioboreshwa na makazi, mambo ambayo Ngoepe hakuyakuta alipoanza.

Hata hivyo hesabu haijafungwa. Mwaka 2021 Ligi Kuu ilichukua uendeshaji wa ligi ndogo moja kwa moja na kupunguza timu zake kutoka 160 hadi 120. Miji 40 hivi, mingine yenye historia ya miongo mingi, ilipoteza vijana waliokuwa njiani kwenda juu. Kijana ameanza kupata matunzo, lakini ule mji uliomtunza kabla hajawa na jina haukukaa mezani siku ya mkataba. Katika kila orodha ya majina 100, kando ya jina la kinda huandikwa jina la timu anayoichezea sasa. Mfuatiliaji wa kweli alisome na hilo, ajue ni mji gani, una watu wangapi, na nani hufungua lango la uwanja wake jioni. Hapo ndipo Grove alipokuwa mtu wa leo kabla hajawa mtu wa kesho.